Hotuba ya Benedetta kwa Malori Sitini

Karani bora katika ofisi ya mawakala wa forodha iliyo juu ya duka la vifaa vya ujenzi, hapa Malaba, alikuwa Benedetta Anyait, na karibu hakuna mtu aliyeijua sauti yake. Ukimsalimia, alikujibu kwa nyusi. Ukimuuliza jambo, aliandika jibu kwenye kikaratasi na kukusukumia. Siku moja mteja kutoka Tororo alikaa naye mezani saa nzima, akamaliza shughuli zake zote, akashuka ngazi na kuniambia, "Mama, yule bubu anafanya kazi vizuri sana. Mungu ambariki."

Hakuwa bubu. Alikuwa mwoga wa kuongea mbele ya watu, na kwa hesabu yake watu walianzia wawili.

Mimi naijua habari hii kwa sababu nilikuwemo ndani yake tangu mwanzo, tena nikiwa nimebeba chupa za chai. Jina langu ni Roselida, mtu wa Funyula, lakini ukija Malaba uliza Mama Quinton. Asubuhi nauza chai na mandazi kwa madereva barabarani, na saa nne napanda ngazi kuwapelekea watu wa ofisini. Benedetta na mimi tuliongea, ndiyo, maana tukiwa sisi wawili alikuwa na mtu mmoja tu mbele yake.

Ndiye aliyenisimulia kuhusu ile Jumapili kanisani kwao Amukura, alipopangiwa kusoma somo la pili. Akapanda, akashika mimbari kwa mikono miwili, akasema, "Somo katika waraka wa Mtume Paulo kwa Wakorintho." Akainua kichwa. Akaona macho. Akasema, "Neno la Bwana," akashuka. Waumini wakajibu, "Tumshukuru Mungu," na nasikia siku hiyo wengine walishukuru kutoka moyoni, maana jua lilikuwa kali na bado kulikuwa na michango mitatu.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyebuni jambo kubwa. Malori yalikuwa yanafika mpakani na karatasi zenye makosa madogo madogo. Tarakimu imeruka, jina limekosewa, na dereva analala hapa siku mbili, tatu, akingojea karatasi nyingine. Benedetta akaanza kuwatumia madereva wa wateja wetu ujumbe kwenye simu wakiwa bado mbali, wamesimama Eldoret kula. Aliwaambia wakague vitu vitano tu, kwenye karatasi na kwenye lori lenyewe: namba ya lori, namba ya kontena, namba ya ile sili inayofunga mlango, uzito, na jina la mwenye mzigo. Kosa likionekana, yeye alilirekebisha kabla lori halijafika. Kwa miezi miwili hakuna lori letu hata moja lililorudishwa.

Mkubwa wa ofisi, Mzee Ekwaro, akaiandika habari hiyo kwenye ripoti yake. Jumatatu moja ya mwezi wa tano akatoka chumbani kwake ameshika simu, anang'aa kama sufuria mpya.

"Benedetta! Wakurugenzi wanakuja Alhamisi kutoka Mombasa. Wanataka kulisikia hili jambo kutoka kwa mwenyewe. Dakika kumi tu. Utasimama pale mbele uwaeleze."

Nilikuwa namimina chai. Nilimwona Benedetta akivuta kikaratasi, akaandika, akakisukuma. Mzee Ekwaro akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Naomba ruhusa ya kuugua siku ya Alhamisi."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Ruhusa ya kuugua imekataliwa," akasema. "Dada yangu, hii kitu ni yako. Nikisimama mimi kuieleza, nitakuwa mwizi."

Jumanne, saa moja asubuhi, lori la mbao likavunjika ekseli karibu na daraja na kulala likiwa limekata barabara, kama ng'ombe aliyekataa kwenda mnadani. Kufikia saa tatu laini ya malori ilikuwa imeupita mji na inaelekea Amagoro. Madereva walizima injini, wakavua viatu, wakatandika mikeka chini ya trela. Kwa muuza chai, hiyo ni Krismasi. Nilichemsha sufuria tatu, nikapanda ngazi kumwomba Mzee Ekwaro aniazime mtu wa kunisaidia kubeba.

"Mchukue Benedetta," akasema. "Tangu asubuhi anaitazama kalenda kama inamdai."

Yeye alibeba kapu la mandazi na mayai ya kuchemsha, mimi nikabeba chai. Kusema kweli, nilikuwa na njama yangu, lakini sikuisema. Ungemwambia Benedetta njama, angeiandikia kikaratasi.

Lori la kwanza lilikuwa la Bwire, kijana wa Busia mwenye kicheko kinachotangulia mwili wake kufika. Alikuwa anabeba mzigo wa mmoja wa wateja wetu. Akapokea kikombe, akamtazama mwenzangu.

"Mama Quinton, huyu dada amefiwa?"

"Hajafiwa. Alhamisi ana hotuba mbele ya wakubwa. Huyu ndiye Benedetta Anyait wa ofisini."

Bwire nusura amwage chai. "B. Anyait? Yule wa ujumbe wa Eldoret? Ngai! Mimi miezi miwili nilijua B. Anyait ni mzee mwenye kitambi na miwani! Nikipata ujumbe wake navua kofia!" Akafungua mlango wa lori, akaketi kwenye ngazi yake, akakunja mikono. "Basi tuambie sisi hiyo hotuba. Kwani tunaenda wapi?"

Benedetta akanitazama kwa macho ya kusema nitakuja kukuua. Lakini barabara ilikuwa imefungwa mbele na nyuma, na kapu lilikuwa zito. Akaliweka chini. Akaanza.

Aliongea labda dakika nne. Sikusikia neno hata moja, na nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Alipomaliza, Bwire alikuna kidevu.

"Dada," akasema kwa upole, "mimi sijasikia kitu. Lakini tairi limeelewa vizuri sana."

Ni kweli. Muda wote alikuwa amelitazama tairi la mbele. Tukatazamana sisi watatu, na kabla sijajizuia nikaangua kicheko. Bwire naye akaangua. Na Benedetta, ambaye nilidhani angelia, akalipigapiga lile tairi begani, kama tairi lina bega, akasema, "Asante kwa kunisikiliza."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza hapa Malaba watu wawili kuisikia sauti yake kwa pamoja. Ilikuwa sauti nene, tulivu, ya kushangaza, iliyokuwa imekaa ndani miaka yote kama vyombo vya wageni kabatini.

"Rudia," akasema Bwire. "Lakini niambie mimi. Macho hapa. Ukichoka na macho yangu, tazama nyusi, mimi sitajua tofauti."

Akarudia. Safari hii nilisikia nusu.

Lori la tatu au la nne lilikuwa la Wasswa, Mganda wa Iganga, mtu mzima mwenye adabu nyingi. Alishuka, akatoa kofia, akasikiliza amesimama wima kama yuko kwenye mazishi ya kiongozi. Benedetta alikuwa na utangulizi wake alioukariri: kwa heshima na taadhima, waheshimiwa wakurugenzi, awali ya yote napenda kuchukua fursa hii adhimu. Wasswa akanywa chai. Utangulizi ukaendelea. Wasswa akamaliza chai. Utangulizi ukaendelea.

"Nnyabo," akasema mwishowe, akimwita bibi kwa Kiganda, "nisamehe. Hicho kitu chenyewe kinakuja lini?"

"Kinakuja baada ya shukrani," akasema Benedetta.

"Bambi, pole. Wakubwa watakuwa wamelala. Mimi nimependa kukusikiliza na bado nimesinzia kidogo." Akafikiri. "Anza na mtu. Kuna mtu aliumia kwa sababu ya hizo karatasi?"

Benedetta akaliweka kapu chini. Kisha akasema, polepole, "Mwezi wa pili kuna dereva alilala hapa siku nne kwa sababu ya herufi moja. Lori lake lina nane, mtu akaandika B. Mtoto wake alibatizwa Jumapili ile na yeye yuko hapa Malaba anaitazama B."

Wasswa alishika kichwa. "Siku nne! Kwa B! Halafu? Alifika?"

"Hapo," nikamwambia Benedetta, nikimbana kiuno. "Hapo ndipo pa kuanzia. Umeona? Ameuliza halafu!"

Basi tukaitupa ile heshima na taadhima kwenye mtaro. Kwa lori la tano alianza na B. Kwa la sita akaongeza vidole: kila kitu kimoja, kidole kimoja. Lori, kontena, sili, uzito, jina, na ngumi inafungwa. Kwa la tisa dereva akafunga ngumi pamoja naye bila kuambiwa. Kila mahali mtu alitoa maoni, maana dereva aliyekwama hana kitu kingine cha kutoa. Mmoja alisema anakimbia sana. Mwingine akasema asijikune shingo. Mrundi mmoja mwenye mvi alimsifia Kiswahili chake, kisha akamuuliza, "Na dereva kama hana simu ya kupokelea ujumbe?"

Benedetta akaanza kujibu kitu kuhusu mtandao ambacho hata yeye hakukielewa. Yule mzee akainua mkono.

"Binti yangu, kama hujui, sema hujui. Ukidanganya kidogo hapa, hata ile B nitaanza kuitilia shaka."

Akasema, "Sijui, mzee. Nitatafuta jibu nikuletee." Na alilitafuta. Jioni ile ile alimpigia Mzee Ekwaro simu. Alipiga simu! Kwa mdomo! Mzee Ekwaro baadaye aliniambia alidhani ofisi imeungua. Wakakubaliana kwamba dereva asiye na simu apewe kadi ngumu yenye vitu vitano, aikague mwenyewe hapo Eldoret. Jumatano asubuhi, kabla hatujauza hata andazi moja, Benedetta alimpelekea Mrundi jibu lake. Mzee akampigia saluti.

Mpaka hapo nilidhani tumeshinda. Nilikosea, maana hatukuwa bado tumekutana na kundi la watu.

Habari zinakimbia kwenye laini ya malori kuliko pikipiki. Tulipofika lori la thelathini na kitu, karibu na mahali pa kuuzia mawe ya ujenzi, tulikuta madereva kama ishirini wamekusanyika kivulini, wameacha drafti yao ya vifuniko vya soda, wanatungojea. "Ndiye huyo! Ndiye huyo wa B na nane!" Wakapiga makofi.

Benedetta akasimama. Akaona macho. Kapu likamtoka mkononi, mayai yakabingirika kila upande, na yeye akageuka na kuanza kwenda zake, mguu mbio, mguu mwendo, akielekea ofisini.

Nilikuwa nimepiga magoti nakusanya mayai. Aliyemfuata hakuwa mimi. Alikuwa dereva wa lori la mafuta ya kula lililokuwa limeegeshwa pale, mwanamke wa Webuye, Nasimiyu, ana mabega ya mtu anayefungua nati mwenyewe. Alikuwa amelala chini ya trela yake na kelele zikamwamsha. Alimfikia Benedetta kwa hatua kumi, akamgeuza kwa bega, akamrudisha hadi nyuma ya trela, nami nikawafuata, mahali ambapo sisi watatu tu tungesikiana.

"Unamkimbia nani?"

"Wako ishirini," akasema Benedetta. Mikono yake ilikuwa inasokotana kama inafua nguo.

Nasimiyu akaitazama ile mikono. Akapanda kwenye lori lake, akashuka na spana ndefu ya kufungulia matairi, akamwekea mkononi. "Shika."

Benedetta akaishika. Ilikuwa nzito. Mabega yake yakashuka yenyewe, miguu ikajipanga, na ile mikono ikaacha kusokotana kwa sababu ilikuwa na kazi.

"Mimi siku ya kwanza kupita Kampala na trela," akasema Nasimiyu, "niliona magari elfu moja. Nikalia. Tajiri wangu akaniambia, wee, usipite magari elfu. Lipite moja. Halafu lipite lingine. Hao ishirini hawapo. Kuna mmoja. Mwambie mmoja neno lako mpaka nukta, halafu mhamie mwingine. Na ukifika nukta, kanyaga klachi. Nyamaza. Usibadilishe gia bila klachi, utavunja kitu."

"Nikinyamaza watadhani nimesahau."

"Watadhani una akili. Mimi nikikutana na mtu anayenyamaza, naangalia mifuko yangu."

Tukarudi. Wale madereva walikuwa wameinamisha vichwa kwa aibu, wengine wanamenya mayai yangu yaliyopasuka. Benedetta akasimama mbele yao na spana mkononi, na sijui kama ni spana au ni yeye, lakini hakuna aliyetafuna. Akamtazama mtu mmoja mwenye fulana ya njano.

"Mwezi wa pili," akasema, "kuna dereva alilala hapa siku nne kwa sababu ya herufi moja."

Klachi. Akahamia kwa mwenye kofia. Klachi. Akahamia kwa Nasimiyu mwenyewe, aliyekuwa amekunja mikono. Na alipofika kwenye vidole, ngumi ishirini zilifungwa kwa pamoja, na mtu wa njano akapiga kelele, "Tena!" kama tuko kwaya.

Kutoka hapo sikuweza kumshika. Tukiwa bado tunakaribia lori, nilimsikia ameshaanza. Chai iliisha, nikarudi kuchemsha, nilipomfikia tena alikuwa ameyamaliza malori saba bila mimi, akisindikizwa na madereva watano wanaomsahihisha. "Umeruka ubatizo!" mmoja alikuwa anamwambia. "Bila ubatizo haiumi!" Jumatano jioni tulikuwa tumefika lori la sitini. Dereva wake alikuwa Mteso mwenzake Benedetta. Alimsalimia tu, "Yoga," na kabla hajasema zaidi yule bwana akafungua vidole: lori, kontena, sili, uzito, jina. Alikuwa ameshafundishwa na lori la hamsini na tisa.

Tulirudi mjini kwa miguu tukiimba. Sijui tuliimba nini. Kiatu changu kimoja kilikuwa kimekatika kamba na sikujali.

Alhamisi alfajiri lile lori la mbao likavutwa pembeni. Saa nne kasoro, wakurugenzi watatu walikuwa wameketi kwenye chumba cha mbele cha ofisi, madirisha yakiangalia barabara. Wawili walikuwa wanaume wenye kompyuta. Wa tatu, aliyeketi katikati, alikuwa Bi. Zuhura Athmani, mwanamke wa makamo wa Mombasa, buibui yake imenyooshwa barabara, uso usiocheka ovyo. Mimi nilikuwa kwenye kona na chai yangu, na sikuondoka baada ya kumimina. Mzee Ekwaro aliniona akajifanya hakuniona. Yeye mwenyewe alikuwa anatokwa na jasho kana kwamba ndiye bibi harusi.

Benedetta akasimama. Akafungua mkoba wake, akatoa spana. Ilikuwa ile ile aliyoazimwa na Nasimiyu, ameipangusa mafuta ikang'aa.

Bi. Zuhura akainua nyusi. "Mwanangu, hiyo spana ni ya nini?"

"Ni ya mikono, mama," akasema Benedetta. "Bila hiyo inahangaika."

Bi. Zuhura akasema, "Haya," na pembe moja ya mdomo wake ikasogea kidogo. Benedetta akamtazama, akaanza. Mwezi wa pili. Dereva. Siku nne. Herufi moja. Klachi. Nilimwona mmoja wa wale wenye kompyuta akiifunga kompyuta yake.

Alikuwa amefika kwenye kidole cha pili wakati dirisha lilipotetemeka.

PIIIIII!

Laini ilikuwa imeanza kwenda. Malori yalikuwa yanapita chini ya dirisha letu, polepole, mwendo wa konokono, na la kwanza lilikuwa la Bwire. Alikuwa ametoa kichwa na mkono, anapunga ngumi. Benedetta akamuona. Kwa dakika moja nilidhani yote yameharibika. Lakini yeye alingoja tu honi iishe, kisha akamwambia mkurugenzi wa kushoto, kwa utulivu, "Sili."

PIIIIII! Lori la pili. Akangoja. "Uzito."

Sauti ya Wasswa ikapanda kutoka barabarani: "Nnyabo! B na nane! Usisahau ubatizo!"

"Jina," akasema Benedetta, na sauti yake ikavunjika, maana kicheko kilikuwa kinampanda kama maziwa kwenye sufuria. Akaweka spana mdomoni kukizuia. Haikusaidia. Mzee Ekwaro alikuwa ameshaficha uso ndani ya faili.

Bi. Zuhura akainuka, akaenda dirishani. Chini honi zilikuwa zinapokezana mpaka wauza nyanya walikuwa wanacheza. "Hawa wamekuwaje? Wanasema nini?" Akaegemea nje na kumwita dereva aliyekuwa amesimama chini yetu, mtu ambaye lori lake wala halikuwa la wateja wetu. "Ewe baba! Vitu vitano ni vipi?"

Yule dereva hakufikiri hata kidogo. Akatoa mkono dirishani, akafungua vidole: "Lori, kontena, sili, uzito, jina!" Akafunga ngumi, akapiga honi, akaenda.

Akaja mwingine. Bi. Zuhura akamuuliza. "Lori, kontena, sili, uzito, jina!" Wa tatu akajibu kabla hajaulizwa. Wale wakurugenzi wawili nao wakaja dirishani, wakaanza kuuliza kwa zamu, mmoja amevua koti, wanapiga kelele kama watoto kwenye maandamano ya shule. Waliuliza malori kumi na manne. Wote walipita mtihani isipokuwa mmoja aliyesahau uzito, na akazomewa na wa nyuma yake.

Bi. Zuhura akageuka. Ushungi wake ulikuwa umesogea upande. "Hawa wote umewafundisha lini? Ripoti inasema madereva kumi na wawili."

Hapo angeweza kujibu vyovyote. Mzee Ekwaro alikuwa anamtikisia kichwa, sema ndiyo, sema ni mpango wetu! Benedetta akakanyaga klachi.

"Sikuwafundisha, mama," akasema. "Mimi naogopa kuongea. Nilikuwa najifunza kwao hotuba yenu, lori kwa lori, tangu Jumanne. Wao ndio walionifundisha mimi. Hilo la kushika vitu vitano sikulipanga, limetokea tu."

"Malori mangapi?"

"Sitini."

"Umeitoa hotuba hii mara sitini?"

"Hii ni ya sitini na moja," akasema. "Ile ya kwanza ilisikilizwa na tairi."

Nikawa wa kwanza kucheka, Mungu anisamehe, na mimi si hata mwajiriwa. Halafu Mzee Ekwaro. Halafu Bi. Zuhura Athmani akaketi kwenye kiti kisicho chake, akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya buibui, na kila alipokaribia kutulia lori lingine lilipiga honi na tukaanza upya. Swali la mwisho lilitoka kwa mkurugenzi wa kulia, aliyetaka kujua kama jambo hili litafaa kwa malori ya mafuta ya petroli. Benedetta alimtazama usoni. "Sijui," akasema. "Nipe mpaka Jumatatu." Yule bwana akaandika "Jumatatu" kwenye kitabu chake na kuipigia mstari, kana kwamba amepewa zawadi.

Kabla ya saa sita walikuwa wameamua: vitu vitano vitafuatwa Malaba na Busia pia, na mwenye kuwafundisha makarani na madereva wa pande zote mbili atakuwa Benedetta Anyait, kwa cheo kipya ambacho Mzee Ekwaro alikisoma mara tatu na kila mara akakosea. Wao walipoendelea kupeana mikono, mimi na Benedetta tulishuka ngazi mbio, yeye viatu mkononi, tukampata Nasimiyu akiwa bado malori mawili kabla ya daraja. Benedetta akamrudishia spana yake kupitia dirishani. "Eyalama noi," akamwambia, kisha akaona amesema Kiteso kwa Mbukusu, akaanza kumshukuru tena kwa Kiswahili, na hakumaliza kwa sababu laini ilisogea na Nasimiyu akaenda akipunga mkono.

Sasa Benedetta yuko Busia siku tatu kwa wiki, na ukweli ni kwamba tumepata tatizo jipya. Haachi kuongea. Jumapili iliyopita nilimleta nyumbani Funyula aonane na mama yangu, nikamwacha jikoni na kinamama wanne na samaki wabichi, nikaenda kisimani. Nilipokuwa narudi nilisikia vicheko kutoka mbali. Alikuwa amesimama katikati ya jiko anawasimulia habari za karani mmoja wa Busia aliyeandika jina la mwenye mzigo kuwa "Bwana Kontena", na mama yangu, ambaye hajui kontena ni nini, alikuwa amekaa chini kwa kucheka, mwiko mkononi. Samaki wote walikuwa wameungua upande mmoja.

Tuliwala hivyo hivyo, upande ule mwingine.